Mgawo wa Chuma cha Elkana

Jumatatu, 11 Machi. Migori.

Wamegawa. Simu ya Rispa ilinikuta nikigombana na mwenye duka la vitabu, na alipotamka neno hilo moja nilimwacha yule bwana na hoja yake ikining'inia mdomoni.

Elkana, mume wa Rispa, alizikwa Januari. Alikuwa mpiga chapa wa mwisho ninayemjua upande huu wa ziwa aliyepanga herufi za risasi kwa mkono, moja baada ya nyingine, na kuzikandamiza kwenye karatasi kwa mtambo wa chuma unaoendeshwa kwa mguu. Mtambo uko bandani nyuma ya nyumba yao, Oyugis. Jumamosi ukoo ulikaa kwa ile desturi ya Wajaluo inayoitwa *keyo nyinyo*, kugawa vyuma vya marehemu: majembe, panga, baiskeli. Mimi ni mwanamke wa Kikuria, sikualikwa, na sina neno. Lakini wameugawa na mtambo! Mashine yenyewe kapewa Fanuel, kaka mkubwa wa Elkana. Herufi ndogo kapewa Austine, mpwa wake anayevua samaki Kisegi. Herufi kubwa kapewa Emmaculate, dada yao mwenye saluni Homa Bay. Mjane kaachiwa herufi za mbao za mabango, kwa kuwa mbao si chuma.

Watu hawa wangegawa ng'ombe kwa kumpa mmoja pumzi na mwingine kwato.

Nilimwambia Rispa asihofu, nitapigana. Kisha akasema, "Yameisha, Mwalimu." Hiyo ni sauti ya mfiwa, nimeizoea.

Jumatano, 13 Machi.

Mvua ya kwanza ya maana. Paa linavuja juu ya magazeti yangu ya zamani.

Jumamosi, 16 Machi. Oyugis.

Nilimkuta Fanuel kwa Rispa, shati limepigwa pasi, mzee wa kanisa hadi kwenye vifungo. Wanaume wengine watatu wa ukoo walikuwa wakinywa chai.

"Jaduong'," nikamwambia, kama Wajaluo wanavyomwita mzee, "mtambo utaufanyia nini?"

"Nimeshapata mtu. Anaitwa Wesley, anachimba dhahabu kule Macalder. Kinu chao cha kusagia mawe, gurudumu limepasuka. Anataka hili la Elkana."

"Na mwili wa mashine?"

"Chuma ni chuma. Wa vyuma kuukuu wako."

"Anakuja lini?"

Akanyoosha mkono kuelekea njia, ambako tope lilikuwa limemeza kiatu changu kimoja muda mfupi uliopita. "Mvua ikiisha. Gari haiwezi kufika hapa saa hii. Hilo gurudumu ni zito kuliko wewe na kelele zako, Mwalimu."

Wakacheka wote. Rispa alikuwa akimimina chai. Hakucheka, wala hakunitazama.

Niliingia bandani peke yangu. Gurudumu linanifika kiunoni. Harufu ni ileile, wino na mafuta taa. Hapa ndipo Elkana alipochapa kijitabu changu *Mjane si Jembe*, mwaka ule wenye saiba wote wa Migori, wanaochapa kwa kompyuta, walipokataa kukigusa kwa kuwaogopa wachungaji. Ukipitisha kidole nyuma ya ukurasa wake unahisi maneno yamejichimbia. Leo watu wanaandika kwa kidole gumba na kufuta kwa kidole gumba. Neno lililopigwa kwa chuma halina adabu hiyo, limekaa na litakaa. Ndiyo maana sitaruhusu mashine hii isage mawe.

Jumapili, 17 Machi. Mvua.

Jumatatu. Mvua. Sijawahi kuipenda hivi.

Jumanne. Mvua. Barabara ya Oyugis, nasikia, malori mawili yamelala ubavu. Mungu ni mpiga chapa.

Jumamosi, 23 Machi. Kisegi.

Nilichelewa nusu. Austine alikuwa ufukweni, sufuria kuukuu juu ya makaa, na ndani yake herufi za Elkana zikiyeyuka zote pamoja, zinang'aa kama maziwa. Alikuwa akizichota kwa kikopo na kuzimimina kwenye vishimo alivyotoboa kwenye mchanga mbichi. Zikipoa zinakuwa vizito vya kufunga chini ya nyavu.

"Wacha!" nikapiga kelele.

"Karibu, Mwalimu. Simama upande ule, hiyo moshi si ya kunusa."

"Unajua unayeyusha nini?"

"Risasi."

"Unayeyusha kila kitabu ambacho kingechapwa huku! Mashairi, sheria, Injili ya bibi yako!"

"Mwalimu, samaki haisomi."

Wenzake waliokuwa wakishona nyavu walicheka hadi mmoja akajichoma sindano. Nikawaeleza wote kwamba ziwa lao limekwisha kwa sababu hawasomi, nikamwita Austine mshenzi, na nikaendelea kwa muda ambao siukumbuki vizuri. Aliniacha nimalize.

"Nikuulize," akasema. "Mama Rispa amekutuma?"

"Amenituma."

Hakuwa amenituma. Nilisema kwa sauti ninayotumia mikutanoni, ambayo haijawahi kuniangusha. Austine akajifuta mikono kwenye kaptura, akaingia kibandani kwake na kurudi na droo yenye herufi zilizobaki.

"Chukua basi. Zile zingine ziko kwa nyavu, zimeshaingia maji."

Hakuomba chochote. Mshenzi ni mshenzi hata akiwa mkarimu, na neno hilo nimeliandika kwa wino.

Jumapili, 24 Machi.

Jua asubuhi nzima. Nililikodolea macho hadi likafunikwa.

Alhamisi, 28 Machi.

Mvua nyepesi, ya kinafiki. Nimepanga herufi za Austine kwenye meza ya jikoni. Chakula changu nakiweka kwenye kiti.

Jumamosi, 6 Aprili. Homa Bay.

Emmaculate alikuwa akimsuka mteja. Herufi kubwa za kaka yake zimo kwenye beseni la plastiki, nalo limewekwa kwenye mlango wa saluni ili upepo wa ziwa usiubamize.

"Nyar Kuria!" akasema, maana yake binti wa Wakuria, na huniita hivyo akitaka kunichokoza. "Keti. Hizo nywele unazipeleka mahakamani ama unazitoa huko?"

"Nimefuata herufi. Rispa anataka zirudi."

Vidole vikasimama kichwani mwa mteja. "Rispa? Yeye mwenyewe?"

"Yeye."

"Rispa aliyesimama mbele ya wazee akasema kila mtu achukue chake aende nacho kwake?"

Nikasema huzuni humsemesha mtu mengi. Emmaculate akanitazama kupitia kioo.

"Wewe uko na haraka ya mtu anayezima moto," akasema. "Umeuliza kama ni moto ama ni mtu anapika?"

Mteja akacheka. Nikabeba beseni. Mlango ulibamizwa nyuma yangu kwa nguvu nikadhani ni yeye, kumbe ni upepo.

Jumanne, 9 Aprili.

Sasa amebaki Fanuel na mashine. Kwa mdomo haniwezi, lakini kwa mdomo pia simwezi, kwa sababu anacheka. Nimemwandikia barua. Nanukuu sehemu nzuri zaidi:

"Mtambo ni mwili mmoja. Alichoacha mpiga chapa hakigawanyiki. Kinadai mtu mmoja wa ukoo mwenye moyo wa kusimama mahali pake. Ndugu aliye ndugu hauzi kiti cha ndugu yake."

Nimeisoma kwa sauti mara mbili. Barua kama hii ingewasimamisha wafu.

Ijumaa, 12 Aprili. Mvua usiku na mchana.

Jumapili, 14 Aprili. Mvua. Mto Kuja umefika kwenye mihogo ya watu.

Ijumaa, 19 Aprili.

Fanuel amepiga simu!

"Mwalimu Bhoke, umenifungua macho. Sitauza. Wesley atafute gurudumu kwingine. Hiyo kitu ya kusimama mahali pa ndugu yangu, umesema kweli kabisa. Nitasimama."

Nilinunua nyama, nikala peke yangu kama chifu. Mzee wa miaka sitini na kitu, na bado hoja safi inamgeuza! Nilimdhania gogo. Niandike hapa kwamba nilimkosea.

Jumanne, 23 Aprili. Mvua. Nimeazima gumbuti kwa jirani.

Jumamosi, 27 Aprili. Oyugis.

Niandike polepole.

Nilifika na droo ya Austine na beseni la Emmaculate, nimebebwa na bodaboda aliyenilaani njia nzima. Niliingia bandani kwanza, nipange ushindi wangu mahali pake. Kwenye msumari kando ya mtambo, palipokuwa aproni ya Elkana, palikuwa na koti la mwanaume. Limepigwa pasi. Aproni ilikuwa chini.

Rispa alisimama mlangoni. Sijawahi kumwona amesimama vile, amejaza mlango wote.

"Umeona hilo koti?"

"La Fanuel?"

"Aliliacha juzi. Anasema amelisahau. Wewe ni Mkuria, lakini umeandika kitabu kizima juu yetu wajane, kwa hivyo sitakufundisha maana ya koti."

Mwanaume akitundika koti kwa mjane, anatangaza kwamba anamrithi. Akaendelea kwa sauti ya chini, kwa sababu wake za jirani walikuwa wakichuma mboga ng'ambo ya ua.

"Nani alikwambia wao ndio walitaka kugawa huu mtambo? Ni mimi niliwaambia wagawe."

"Rispa, wewe?"

"Mimi. Fanuel alikuwa anataka kurithi mashine nzima na banda lake. Mwenye banda anaingia kwa geti yangu kila asubuhi. Anayeingia kila asubuhi atataka chai. Akishazoea chai atauliza kitanda kiko wapi. Nikaona. Nikawaambia wazee: huyu mpe mwili, yule risasi, yule risasi ingine. Kila mtu akabeba kipande, kiti cha Elkana hakuna aliyekibeba. Na Fanuel akaona hana faida na mwili bila herufi, akaamua kuuza gurudumu. Unajua nililala vizuri siku hiyo? Gurudumu likitoka, atakuja hapa kufanya kazi gani?"

"Ulisema yameisha," nikamwambia. "Kwenye simu. Nilidhani unalia."

"Nilikuwa nimepumzika."

Nikasema sikujua. Akasema sikuuliza. Kisha akaniambia kwamba Fanuel aliketi kwenye sebule yake, akafungua barua yangu na kumsomea, na akamwita binamu yake asikie pia. *Mtu mmoja wa kusimama mahali pake. Ndugu aliye ndugu.* Alisoma vizuri, akasema Rispa, na alipumzika kwenye kila nukta.

"Na usidhani naitupa hii mashine kwa sababu siijui," akasema. "Nimekanyaga hiyo pedeli mpaka miguu ikavimba. Kijitabu chako, nusu ni mguu wangu. Lakini kati yake na mlango wangu, nilichagua mlango."

Nimeshindana na maaskofu, na wabunge wawili, na mume wangu mwenyewe hadi akahama. Kwa Rispa nilipata neno moja tu. Nikasema nitarekebisha.

"Usirekebishe," akasema. "Wesley nimempigia mimi. Atakuja njia ikikauka. Wewe kuja siku hiyo, useme mbele yao."

Jumapili, 28 Aprili. Mvua.

Jumatatu. Mvua. Sasa naichukia.

Alhamisi, 2 Mei.

Mvua. Ujumbe kutoka kwa Rispa: *Leo ameleta kiti.*

Jumapili, 5 Mei.

Mvua ya mawe, ikafuatwa na mvua. Ujumbe: *Ameleta redio. Anasikiliza habari bandani.*

Jumatano, 8 Mei.

Mvua. Nimempigia Wesley, nikamwomba aje hata kwa trekta. "Mama," akasema, "hiyo njia yenu ingemeza hata kanisa."

Ijumaa, 10 Mei.

Ujumbe: *Ameleta godoro. Ati ni la kupumzikia mchana.*

Niliusoma nikiwa darasani, nikifundisha watu wazima kuandika maombi ya kazi. Nikawaacha. Nilikwenda nyuma ya jengo nikasimama kwenye mvua kama mjinga.

Jumamosi, 11 Mei.

Nimempigia Emmaculate, nikamweleza yote. Akaachia mluzi mrefu. "Kumbe alikuwa anapika," akasema. Atakuja.

Kisha Austine. Nikamwambia nilimdanganya, Rispa hakunituma.

"Nilijua, Mwalimu. Mama akitaka kitu hunipigia mwenyewe."

"Sasa kwa nini ulinipa?"

"Si ulikuwa unalia."

Nimerudi kusoma nilichoandika siku ile ya Kisegi. Kilio sikukiandika.

Jumatatu, 13 Mei. Jua.

Jumanne. Jua. Mawingu jioni, niliyatukana kwa lugha tatu.

Jumatano. Jua.

Jumamosi, 18 Mei. Oyugis.

Pikapu ya Wesley iliingia kwa kuyumba, matope hadi kwenye vioo. Wazee wa ukoo walishakaa kwenye viti vya plastiki, katikati yao Mzee Maurice, mwenyekiti wao, ambaye husikia vizuri anapotaka. Fanuel alitoka bandani akijinyoosha.

"Gurudumu haliuzwi tena," akasema. "Wesley, pole kwa safari. Mtambo haugawanyiki. Na si mimi ninasema." Akatoa barua yangu mfukoni, ameikunja kwa uangalifu kama noti, akaisoma kuanzia juu hadi sahihi. Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilikuwa nimeiandika vizuri mno.

Nikasimama. "Barua ni yangu. Ni upuuzi mtupu. Niliandika juu ya chuma na nikasahau kuna mtu anayeishi kando yake."

"Mwalimu," Fanuel akasema kwa upole, "unaandika kwa mkono wa kulia unafuta kwa wa kushoto? Tuamini upi?"

Wakacheka. Nikatoa hoja, nikataja sheria, nikataja Katiba na kifungu. Kadiri nilivyosema ndivyo viti vilivyozidi kulegea. Mmoja akaanza kuulizia chakula. Nilijua dalili hizo. Nilikuwa nashindwa, na Rispa amesimama mlangoni kwake amefumbata mikono, haniombi chochote.

Hapo Austine akapita katikati yao na wavu begani. Alikuwa ametoka nao Kisegi tangu alfajiri, bado unanuka samaki. Akautupa miguuni mwa Fanuel, ukalia kama kokoto.

"Jaduong', hizi ndizo herufi za mjomba. Kama mtambo ni mwili mmoja, nisomee hapa."

Fanuel akatazama vizito. "Ulizichoma?"

"Ulinipa, nikachoma. Nimevua nazo, nimeuza, watoto wamekula. Sasa ukisema hatukugawana, hao samaki niwatapike?"

"Wuololo!" Emmaculate akapiga kofi. "Na mimi nilizuilia mlango!"

Mzee Maurice akainama, akachukua kizito kimoja, akakipima kiganjani. Akakirudisha.

"Hii ilitoka kwa mgawo?"

"Ndiyo, baba."

"Basi mgawo ulifanyika. Kilichogawanywa kikaliwa hakirudi mezani." Akamgeukia Wesley. "Na wewe, huyu alikupa mkono?"

"Alinipa. Mbele ya hawa wote."

"Fanuel, mwache kijana atoe gurudumu lake."

Risasi niliyoililia, nikamtukania mtu, ndiyo iliyosema kilichonishinda mimi na barua yangu na Katiba yangu.

Fanuel alikunja barua kama alivyoikunjua. Alichukua koti msumarini, akachukua redio. Alikuwa ameshafika getini Emmaculate alipomwita kwa sauti ya kusikika hadi sokoni: "Jaduong', umesahau godoro!" Hakugeuka. Baadaye alimtuma mtu.

Nati ilikuwa na kutu. Vijana wa Wesley waliipiga nyundo, wakaipaka oili, wakahitaji mtu wa kushikilia spana upande wa pili, na nafasi ilikuwa finyu isipokuwa kwa mwanamke. Nikaingia chini ya mashine. Nilihisi ikilegea mkononi mwangu. Gurudumu lilitoka kwa mlio mfupi, likabingirishwa na watu wanne juu ya mbao hadi kwenye pikapu, na pikapu ikashuka upande mmoja. Safari hii naandika: nililia.

Wesley akarudi, akapigapiga mwili wa mtambo. "Na hii, mama? Niitupie juu, nipeleke kwa wa vyuma kuukuu? Mzee ameenda."

"Hiyo?" Rispa akasema. "Imekufa, hakuna mtu ataigombania sasa. Iache tu."

Pikapu ikaondoka. Wazee wakaenda kula. Rispa aliokota aproni, akaikung'uta, akachukua kopo la mafuta kwenye rafu, akaanza kutia tone kwenye kila kiungo cha mashine, kuanzia chini, bila haraka.

"Rispa, haitembei."

"Najua. Ndiyo maana ni yangu." Akanirushia kitambaa. "Anza na rola. Usiache wino ukauke hapo pembeni."

Nikaanza na rola.